Usiku wa Mashairi na Muziki: Namna ya Kuuandaa Ukasikika

Usiku wetu wa kwanza wa mashairi, hapa Tanga, uliharibiwa na brenda. Watu walijaa, viti viliazimwa mpaka kwa jirani, na mzee aliyekuwa akighani alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Alipofika kwenye kituo, yaani mstari wa mwisho, cha ubeti wa tatu, penye fumbo lenyewe, kijana wa juisi kule nyuma akawasha brenda yenye barafu. Watu wakaangua kicheko. Mzee akangoja inyamaze, akaanza upya, na brenda ikaanza upya naye. Alishuka hajamaliza. Mpaka leo tukikutana sokoni huniuliza kama parachichi zimeiva.

Tangu hapo nimeandaa usiku kama huo mara nyingi, na kila mtu anaponiuliza aanzie wapi humjibu hivyo hivyo: anzia masikioni. Bango, wasanii, taa na picha za mtandaoni vitafuata. Ushairi wetu ulizaliwa kusikilizwa. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840, na mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu wa Mvita miaka na miaka kabla ya Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor kuyakusanya kwa maandishi mwishoni mwa karne ya 19. Yangekuwa yanasomwa penye kelele za brenda yasingefika.

Maelezo haya ni ya usiku mdogo: watu 60 hadi 80, ua au ukumbi wa kawaida, kikundi kimoja cha muziki, malenga mmoja mwalikwa, na washairi 11 wa maiki huru, yaani yeyote aliyejiandikisha usiku huo. Ukitaka uwanja wa mpira, tafuta mwongozo mwingine.

1. Kagua mahali kwa masikio

Nenda siku ile ile ya wiki na saa ile ile utakayofanya shughuli. Keti kwenye kiti cha mwisho kabisa, nyamaza robo saa, na uandike kila unachosikia. Friji. Feni inayogonga. Kituo cha bodaboda. Banda la mpira. Jenereta ya duka la jirani. Halafu mweke mwenzako mbele asome beti mbili bila maiki, kwa sauti yake ya kawaida. Kama unavipata vina vyote, mahali pamefaa hata kabla ya kukodi chombo chochote. Kama unapata vina nusu, mitambo itasaidia. Kama husikii kitu, usidanganywe na mtu kwamba spika kubwa zitamaliza tatizo. Zitaongeza kelele juu ya kelele.

Ua wenye mchanga na paa la makuti ndio bora kuliko vyote nilivyojaribu. Makuti humeza mwangwi. Ukumbi wa zege wenye sakafu ya vigae hurudisha kila silabi mara tatu, na vina vya mshairi vikapandana kama watu kwenye daladala. Dawa yake ni ya bei ndogo: tandika mikeka, tundika kanga au mapazia mazito ukuta wa nyuma unaotazamana na spika, na jaza watu, maana mwili wa mtu nao humeza sauti.

Paa la bati ni jambo jingine. Mvua ikinyesha juu ya bati, hakuna fundi wa mitambo chini ya jua atakayekuokoa. Kuanzia Machi hadi Mei, wakati wa masika, sifanyi kitu chini ya bati, na mwezi wa Novemba huwa naangalia mawingu.

Viti vipange kwa nusu duara, mstari wa mwisho usiwe zaidi ya mita 10 kutoka kwenye maiki. Na tafadhali, pasiwe na meza kuu. Ukishaweka meza yenye kitambaa cheupe na chupa za maji, atatokea mgeni rasmi wa kuikalia, na mgeni rasmi huja na hotuba.

Watu wa vinywaji zungumza nao mapema, kwa adabu. Juisi inasagwa kabla ya saa 2 usiku na kuwekwa kwenye majagi. Sisi tuna muuza kahawa, na yeye nilimkosea siku moja kwa kumwambia asilize vikombe kabisa. Mlio ule ndio tangazo lake! Tulikubaliana alize wakati wa muziki na mapumziko, na mshairi akiwa mbele amimine kimya. Sasa ndiye anayewanyamazisha wengine.

2. Siku na saa

Ijumaa ya mwisho wa mwezi inatufaa, kwa sababu mishahara imetoka na Jumamosi imejaa harusi. Kabla ya kutangaza tarehe, tazama ratiba ya ligi. Siku ya Simba na Yanga hata mshairi mwenyewe hatakuja, na akija atakuwa na redio sikioni.

Mji wa pwani una saa yake. Watu husali Isha, hula, ndipo hutoka. Tunaanza saa 2 na robo usiku, tunamaliza kabla ya saa 5. Ukianza saa 12 jioni, Magharibi na Isha zote zitakukatia katikati, na hakuna mtu mwenye akili anayeshindana na adhana. Kumaliza saa 5 kuna sababu ya pili: kina mama na wasichana wanaotunga ni wengi kuliko wanaopanda jukwaani, na wengi wao wakijua shughuli inakwenda mpaka usiku wa manane hawaji kabisa.

3. Kibali

Anza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, maana majirani watakwenda kwake kwanza. Kisha ofisa utamaduni wa halmashauri, ambaye atakueleza kama shughuli yako inahitaji pia kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kama utapiga muziki wa kurekodiwa watu wanapoingia, uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, leseni inapatikana wapi. Nenda wiki tatu kabla, na barua yenye jina la mahali, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza. Aliye Mombasa au Nairobi aulize ofisi ya kaunti yake na vyama vya hakimiliki vya huko.

4. Mitambo ya sauti

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Kwa watu 80 unahitaji spika mbili za inchi 12 juu ya stendi, mikisa ndogo (mashine ya kuchanganya sauti) ya njia sita au nane, maiki tatu, stendi zake, na monita moja, yaani spika ya mshairi kujisikia. Basi. Fundi akikuletea besi mbili kubwa kama kabati, mrudishie. Besi ni ya kuchezea dansi.

Maiki nzuri kwa shairi ni ile ya kawaida ya waimbaji, inayosikia mbele na kupuuza nyuma. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, bado ndiyo utakayoikuta kwa mafundi wengi, ama yenyewe ama ya kuigiza. Hazipishani sana kwa kazi yetu. Jambo kubwa ni umbali: kati ya mdomo na maiki pawe na upana wa vidole vinne. Mshairi mgeni hufanya moja kati ya mambo mawili, ama anasimama mbali kama anaogopa kuumwa, ama anaimeza. Mwingine huishika kichwani kama wanavyofanya waimbaji kwenye video, na hapo spika hupiga mluzi, kwa sababu ameziba matundu ya nyuma yanayoisaidia maiki kupuuza sauti za pembeni. Mwambie aiache kwenye stendi. Mikono ataihitaji.

Mambo ya kumwambia fundi, moja kwa moja, kabla watu hawajafika:

Spika zikae mbele ya maiki, zitazame watu. Maiki ikisimama mbele ya spika itasikia sauti yake yenyewe na kuanza kulia.

Monita iwe mgongoni mwa maiki, chini, ikimtazama mshairi.

Besi ikatwe kwenye njia za sauti. Mikisa nyingi zina kitufe kimoja cha kukata kila kilicho chini ya hezi 80 hivi, kibonyeze. Mngurumo wa upepo na kishindo cha miguu jukwaani vitaondoka, maneno yatabaki.

Eko izimwe. Hili ndilo nalolipigania kila mwezi. Mafundi wetu wamelelewa na harusi, na harusi haina ladha bila eko. Mshereheshaji akisema "bibi harusi" inarudi "harusi, harusi, rusi". Kwa nyimbo, sawa, weka kidogo. Kwa shairi, kila neno linalorudi hulifunika linalofuata, na mshairi anayeghani kwa mizani 16 kwa mstari hana nafasi ya kungoja mwangwi upite. Nimemwomba fundi wangu abandike kipande cha plasta juu ya kitufe hicho wakati wa maiki huru. Alinuna mwezi mmoja. Siku hizi anabandika mwenyewe.

Umeme utakatika, kwa hiyo panga kana kwamba unajua dakika. Jenereta inatatua giza na kuleta kelele, kwa hiyo iwe nyuma ya jengo jingine na waya mrefu. Sisi tumehamia kwenye betri na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Hesabu yake ni nyepesi: betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na tumia nusu tu ili isife mapema. Hizo 600, kwa spika mbili zinazopiga kwa sauti ya mazungumzo, mikisa na taa nne za LED, zinatuvusha usiku mzima. Na taa ya kandili iwe karibu na stendi, kwa ajili ya wanaosoma karatasi.

Jaribu sauti saa 11 jioni kwa kutumia shairi. Ile "hello, hello, moja mbili" haikuonyeshi chochote. Soma ubeti wenye "sh", "th", "ng'" na "gh" nyingi. Hizo zikitoka safi, zilizobaki zitatoka.

5. Muziki unaojua kunyamaza

Kikundi kikubwa kitakushinda bei na nafasi. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 1905, ina fidla, ganuni, udi na safu ya waimbaji, na ukiweza kuwaleta watu wa namna hiyo, alhamdulillahi. Lakini hapa Tanga tuna mfano ulio karibu zaidi: vikundi vya Black Star na Lucky Star vilionyesha zamani kwamba taarab inaweza kusimama juu ya gitaa, besi na ngoma, na sauti ya mwimbaji wao Shakila Said ikafika kila mahali kwa ala hizo chache. Wapigaji watatu wanakutosha. Udi au gitaa, dumbaki (ngoma ndogo ya mkono), na mmoja wa tatu: akordiani, zeze, filimbi, utakayempata.

Udi una sauti ndogo. Weka maiki umbali wa kiganja kutoka kwenye tundu, pembeni kidogo, isiwe mbele yake kabisa, la sivyo utapata mngurumo. Dumbaki katika ua wa watu 80 haihitaji maiki. Ngoma ya ngozi hulegea kwa unyevu wa usiku, ndivyo ilivyo. Mpigaji awe na mahali pa kuiotesha moto kidogo mbali na mikeka.

Sasa, kuambatanisha ala na shairi. Waandaaji wengi hudhani muziki ni zulia: unautandaza chini, mshairi anatembea juu yake. Matokeo yake udi na mshairi wanasema kwa pamoja na hakuna anayesikika. Sisi tunafuata utaratibu huu. Mshairi anayeghani hutangulia na ubeti wa kwanza peke yake, bila ala, kwa mahadhi yake mwenyewe. Mpigaji anasikiliza, anatafuta sauti ilipo, anaingia kwenye kituo. Kuanzia ubeti wa pili udi hukaa kimya ndani ya mstari na kujibu mwishoni mwake. Nafasi ya kupumua kati ya ukwapi na utao, nusu mbili za mstari, ni ya mshairi, usiijaze. Kamwe usimpe mshairi noti ya kuanzia kutoka kwenye udi. Wazee wengi wana mahadhi waliyorithi, na ukiwahamisha sauti yao wanapotea katikati ya ubeti.

Mashairi huru hayana kituo cha kumwashiria mpigaji, kwa hiyo mshairi na mpigaji wakubaliane ishara, hata mkono tu. Ugomvi wa kama shairi lazima lifuate vina na mizani, uliowasha moto miaka ya 1970, mwandishi Euphrase Kezilahabi na wenzake upande mmoja na wanamapokeo, watetezi wa vina, upande wa pili, bado unaendelea kwenye benchi letu la nyuma kila mwezi. Jukwaa letu halina upande. Anayekuja na tarbia, shairi la mistari minne kwa ubeti, na anayekuja na shairi lisilo na urari wote wana dakika tano.

Vijana wa kufoka huuliza kama wanaweza kuleta biti kwenye simu. Nilikubali mara mbili. Mara zote mbili tulitumia dakika nne kutafuta waya, simu ikapigwa na mama mtu katikati ya ubeti, na sote tukasikia mlio. Tangu hapo biti ni dumbaki. Wakali wao wameipenda kuliko nilivyotegemea.

6. Orodha

Maiki huru haimaanishi holela. Daftari moja, kalamu moja, mtu mmoja wa kuandika, mlangoni. Jina, jina la shairi, ataghani au atasoma, anahitaji ala au hahitaji. Mambo manne tu.

Huu ndio mpangilio wetu wa dakika 165:

Ufunguzi na kanuni, dakika 10.
Muziki, dakika 20.
Maiki huru, duru ya kwanza: watu 6, dakika 7 kila mmoja, yaani 42.
Mapumziko ya kahawa, dakika 20.
Malenga mwalikwa, dakika 20.
Maiki huru, duru ya pili: watu 5, dakika 35.
Muziki wa kuagana, dakika 15.

Jumla 162. Dakika 3 ni za umeme kukatika.

Utaona kila mtu ana dakika 7, ilhali nilisema tano. Mbili ni za kupanda, kurekebisha stendi, kusalimia shangazi aliyemwona mstari wa tatu, na kushuka. Usipozihesabu zitakuhesabu.

Watu hawajui shairi lao lina urefu gani, kwa hiyo wasaidie. Ubeti wa tarbia una mistari minne ya mizani 16, jumla mizani 64. Kwa saa yangu, kuusoma huchukua kama sekunde 20, na kuughani karibu sekunde 50, kwa sababu ya kuvuta sauti. Basi dakika tano ni beti 15 za kusoma au 6 za kughani. Mwenye utenzi wa beti 200 achague kipande kimoja chenye kisa kamili. Atalalamika. Mwambie watu wakikipenda watamdai kilichobaki mwezi ujao, na mara nyingi wanamdai kweli.

Kitu kimoja nilijifunza kwa kuchelewa. Zamani nilijaza nafasi zote 11 mlangoni, aliyewahi amewahi. Waliowahi walikuwa wale wale kila mwezi: wanaume wanaotoka kazini moja kwa moja. Aliyekuwa analaza watoto au kufunga genge alifika saa 2 na nusu akakuta daftari limejaa. Sasa duru ya pili haiandikwi mpaka mapumziko. Mwezi ule ule tulipobadilisha, watatu kati ya watano wa duru ya pili walikuwa wanawake, na mmoja wao alighani shairi la bei ya mkaa ambalo fundi wa mitambo alisahau kupandisha sauti kwa kusikiliza.

Usianze duru na mtu anayepanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Miguu yake itatetemeka na ya watu itatetemeka naye. Mweke wa tatu. Usimweke baada ya bingwa.

Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya jirani akikuletea ngonjera, mpe nafasi mbili na maiki mbili. Mathias Mnyampala, aliyeieneza ngonjera, alitaka watu wajibizane mbele ya hadhira, na wanafunzi wawili wakipokezana maiki moja, nusu ya maneno yatasemwa hewani.

7. Mshereheshaji, kengele na fumbo

Mtafute mtu anayependa mashairi kuliko anavyoipenda sauti yake. Kati ya mshairi na mshairi aseme sentensi mbili: jina na jina la shairi. Asilifafanue shairi kabla halijasemwa, wala asilifafanue baada. Nimewahi kuona mshereheshaji akifumbua fumbo la mzee wa watu mbele ya mzee mwenyewe, tena vibaya.

Muda tunauhesabu kwa kengele ya baiskeli, kama mjuavyo mji wetu wa baiskeli. Dakika ya nne, mara moja. Dakika ya tano, mara mbili, na watu wanapiga makofi. Makofi ndiyo yanayomshusha mtu kwa heshima. Kengele pekee ni aibu.

Kanuni husomwa mwanzoni, na ni chache. Simu zikae kimya. Mafumbo ruksa, jina la mtu hapana: kama una vijembe, vifumbe vizuri, na mwenye kofia ataivaa mwenyewe. Shairi si lako, sema la nani.

Halafu tuna mchezo unaoshika watu mpaka mwisho. Kabla ya duru ya kwanza, mmoja anatupa fumbo la ubeti mmoja. Anayetaka kujibu ana mpaka mwisho wa mapumziko kutunga jibu, na jibu lazima lifuate vina vile vile. Hili nalitupa mimi wakati mwingine, kwa wageni:

Kuna mja hana jino, maneno hula ya watu,
Ana guu, hana kono, tumboni hamna kitu,
Ukimpa moja neno, lasikika hata kwetu,
Nijibuni waungwana, huyu jini ama mtu?

Jibu limesimama mbele yao usiku mzima, juu ya stendi, na bado hupita saa nzima. Mara ya mwisho alilipata binti wa kidato cha pili. Wakati wa kahawa utaona watu wameinama juu ya bahasha na pakiti za sigara wakihesabu mizani kwa vidole. Jibu la ubeti mmoja halihesabiwi kwenye orodha. Linapewa dakika moja kabla ya malenga mwalikwa.

8. Kutuza na fedha

Mtu wa pwani akiguswa na maneno hunyanyuka, huenda mbele akicheza, na kutuza. Ukizuia utakuwa umeondoa nusu ya utamu. Usipopanga, mtu atambandika mshairi noti kwenye paji la uso katikati ya mstari na mizani zitamwagika. Kwetu kuna sinia lenye kitambaa chini ya stendi. Wakati wa nyimbo, tuza utakavyo, hata mkononi. Wakati wa shairi, njoo kwenye kituo, weka kwenye sinia, rudi. Kinachoingia wakati wa shairi lake ni cha mshairi, chote. Msimkate hata shilingi. Maneno ya aina hiyo husambaa haraka kuliko bango lolote.

Kiingilio chetu ni shilingi 3,000 pamoja na kikombe cha kahawa na kashata. Anayejiandikisha maiki huru haingii kwa kulipa. Wapigaji na malenga mwalikwa wanalipwa kiasi kilichotajwa kabla, usiku ule ule, kabla hawajafunga ala zao. Kama watu ni wachache, bado wanalipwa kile kile. Hasara ni ya mwandaaji. Weka akiba ya usiku mmoja mzima kabla hujaanza, la sivyo mwezi wa mvua utakumaliza. Usiahidi mgawo wa mlangoni kwa mtu ambaye hajauona mlango wenyewe.

9. Kurekodi

Kila mwenye simu ni mpigapicha, na shairi jipya linaweza kuwa mtandaoni kabla mtunzi hajashuka. Kwenye daftari tumeongeza alama moja: ndiyo au hapana. Mshereheshaji akitaja jina anasema pia "simu chini" kwa waliosema hapana. Wengi wanatii. Kwa wanaokubali, fundi huchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, na mtunzi hutumiwa nakala yake kwanza, ndipo wengine.

10. Kufunga

Tarehe ya mwezi ujao itangazwe kabla ya wimbo wa mwisho. Baada ya wimbo hakuna anayesikiliza; wanatafuta viatu. Mtu wa mlangoni ahakikishe bajaji mbili tatu ziko nje saa 5 kasorobo, hasa kwa waliotoka mbali.

Waya zikunjwe kwa duara usiku ule ule, zisifungwe fundo, kila moja na kipande cha kamba. Waya iliyovunjika ndani iwekwe alama nyekundu pale pale, maana kesho utasahau ni ipi na itakukwaruza masikio mwezi ujao. Pitia daftari na fundi kabla hajaondoka: nani hakusikika, alikuwa kwenye njia ya ngapi. Viti vya kukodi virudi asubuhi kabla ya saa 3, kwa sababu mwenye viti huyu wa kwetu, saa 3 na dakika moja, anaandika siku ya pili.